Picha kulala ubavu kwenye fremu ya kujitengenezea
Mkuu, umeuliza kwa nini picha za simu zinalala ubavu kwenye fremu ya kidijitali uliyojitengenezea. Picha zako ni nzima. Simu haigeuzi picha yenyewe, inaandika tu namba ya mwelekeo ndani ya faili, kwenye taarifa za picha ziitwazo EXIF: 1 iko sawa, 6 igeuzwe nyuzi 90 kulia, 8 kushoto, 3 iko kichwa chini. Programu ya fremu yako haisomi namba hiyo. Kama fremu inaendeshwa na Raspberry Pi (kompyuta ndogo), weka programu ya exiftran, fungua dirisha la amri (terminal), ingia kwenye folda ya picha, andika exiftran -ai *.jpg. Ubora haupungui. Fremu ya mama hapa Ujiji niliifanyia hivyo. Shangazi aliyekuwa amelala ubavu mwaloni Kibirizi sasa kasimama na beseni lake la dagaa. Nakili picha kwanza kabla ya kuandika amri hiyo. Za kuskani hazina namba hiyo, hizo geuza mwenyewe.