Tehai: ni kupangia mgeni teksi ama ni kusakwa na polisi?

SWALI: Mwalimu habari yako, mimi nasoma Kijapani hapa Kisumu na juzi darasani niliandika "takushii o tehai suru" nikimaanisha kumpangia mgeni wa kampuni teksi, nikapewa alama zote. Sasa jioni niko kwa matatu ya Kondele nasoma habari za Japani kwa simu, napata neno lilelile tehai, linaandikwa 手配, kwa kichwa cha habari ya jamaa anatafutwa na polisi! Hili neno ni la kupanga ama la kusaka? Na si tungesema tu keikaku, yaani mpango?

JIBU: Ndugu yangu hujakosea, ni neno moja. Te ni mkono, hai ni kugawa, kusambaza.

Fikiria matanga ya huku kwetu. Watu wamekaa kikao, wameandika kwa daftari kwamba mazishi ni Bondo, bajeti ni hii, hiyo ndio keikaku, bado iko kwa karatasi. Tehai inaanza pale mama wa kamati anashika simu anaitisha tenti, viti, jenereta, gari ya kubeba mwili, anatuma vijana kuni, mpaka kila kitu na kila mtu amepewa pahali pake. Akimaliza, Mjapani atasema tehai-zumi, yaani hiyo imeshapangwa, usiulize tena. Polisi nao wanasambaza jina na sura ya mshukiwa kwa vituo vyao ili askari wawe macho, na neno kamili ni shimei tehai, shimei ni kutaja mtu kwa jina, ila vichwa vya habari hupenda kufupisha.

Kinachotuchanganya ni kwamba sisi hayo yote tunaita mipango. Ile Jumamosi saa nne ya mazishi iliyotangazwa ni yotei, yaani ratiba. Halafu kuna dandori, hii naipenda sana, ni ule mfuatano wa kazi, nani anawasha moto kwanza ndio nyama isingoje sufuria, na Wajapani wana msemo, dandori hachibu, shigoto nibu, maandalizi ni sehemu 8, kazi yenyewe ni 2. Wapishi wetu wa matanga wanaijua hiyo bila kusoma Kijapani!

Kitu kimoja uangalie, tehai ni neno la kiofisi kidogo. Kwa mgeni wa kampuni iko sawa kabisa, lakini ukiwa na rafiki yako sema tu takushii o yobu, kuita teksi, na chumba cha hoteli sema yoyaku suru, kuweka nafasi mapema.