Fundi Anajibu: Majani kwenye magata, na ngazi ya kuyafikia

Vuli iko njiani, na barua nyingi mlizotuletea safari hii zinahusu magata yaliyoziba. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa usalama wa mtu, na wenye maswali mengine pia wataihitaji.

Nyumba yetu ni ya chini, si ghorofa. Mwembe mkubwa umeinamia upande mmoja wa paa. Magata ni ya PVC. Kila mwaka namwita kijana wa mtaani, anakuja na ngazi aliyoigongelea mwenyewe na kuiegemeza kwenye gata. Mara ya mwisho gata lilipasuka naye akanusurika kuanguka. Tufanyeje kazi hii bila kuumizana?
*Baba wa watatu, Mbezi, Dar es Salaam*

Ndugu yetu, tuanze na ngazi, maana hatari kubwa ya kazi hii iko hapo. Gata halikutengenezwa kubeba mtu. Limeshikiliwa na breketi zilizofungwa kwa skrubu fupi kwenye fishabodi, yaani ubao wa ukingoni mwa paa, na ubao wenyewe mara nyingi umeshalainika kwa maji yaliyomwagika miaka mingi. Ngazi ikiegemea hapo, ama gata linapasuka, ama ncha ya ngazi inateleza pembeni juu ya plastiki iliyo laini. Gata la bati nalo halina nafuu: linajikunja, kisha maji yanatuama pale lilipobonyea.

Wengine wakilijua hilo huegemeza ngazi ukutani, chini ya ukingo wa paa. Hapo pana mtego ambao wengi hawauoni mpaka wawe juu. Paa nyingi zimetokeza sentimita 50 hadi 60 nje ya ukuta, kwa hiyo aliyepanda analikuta gata liko nyuma ya kichwa chake. Inambidi ajipinde kinyumenyume, na uzito wake unaivuta ngazi iachane na ukuta.

Kwa nyumba ya chini tumia ngazi ya kujisimamia yenyewe, ile ya miguu minne inayofunguka kama herufi A. Wapaka rangi na mafundi umeme wanayo, na unaweza kuazima au kukodi. Gata likiwa mita 2.7 kutoka chini, ngazi ya mita 2 inatosha: ukisimama kwenye kidato kilicho mita 1.2 hivi, gata linakuwa usawa wa mabega. Usisimame kamwe kwenye vidato viwili vya juu. Vidato vielekee nyumba, ili ukivuta uchafu nguvu ielekee kwenye upana wa ngazi. Ukiiweka ubavu, mvuto mdogo tu unaipindua. Kwenye mchanga kama wa kwenu, kila mguu ukae juu ya kipande cha ubao mpana, la sivyo mguu mmoja utadidimia wakati mtu yuko juu. Msipange matofali chini ya mguu kufidia mteremko. Chimbeni upande ulio juu mpaka miguu yote ikae sawa.

Ngazi ya kugongelea ina udhaifu wake. Kidato kilichoshikwa kwa misumari mitupu kinachomoka kidogo kidogo kila kikikanyagwa. Ngazi ya miti iliyo salama ni ile ambayo kila kidato kimekaa ndani ya pengo lililochongwa kwenye mti wa pembeni, kisha kikafungwa. Hata hiyo itumike pale tu ambapo paa halikutokeza. Iwekwe kwa kanuni ya moja kwa nne: ikigusa ukuta mita 3 juu, mguu wake uwe sentimita 75 kutoka ukutani. Mtu mmoja aishike chini muda wote, asiondoke kwenda kupokea simu.

Kabla ya kuiinua, tazameni waya wa umeme unapoingilia nyumbani. Mara nyingi umepita juu ya gata lile lile. Kaeni mbali nao mita 3, ninyi na ngazi na kila mnachoshika. Ngazi ya alumini inapitisha umeme, na ya mbao iliyolowa nayo inapitisha. Ikiwa gata lililoziba liko chini ya waya huo, liacheni mpaka watu wa shirika la umeme waukate kwa muda.

Sasa kazi yenyewe. Avae raba zenye soli kavu, si kandambili. Glavu nzito, kwa sababu kwenye gata mna nge, manyigu, na vichwa vya skrubu za bati vinavyochana. Na barakoa, kwa ajili ya vumbi la kinyesi cha ndege. Majani yakiwa makavu kabisa, yanyunyizieni maji kidogo vumbi litulie. Kabla ya kuingiza mkono, agonge gata kwa mti mrefu akiwa chini na kusikiliza. Manyigu wakitoka, kazi isimame.

Kifaa bora cha kuzolea mnacho jikoni. Chukueni dumu tupu la mafuta ya kula la lita 5 na kulikata kwa mshazari upande wa kitako, mpini wake ubaki. Plastiki yake inalala vizuri ndani ya mviringo wa gata na haikwangui. Mwiko wa fundi unachana PVC, na kwenye gata la bati unatoa madini ya zinki yanayozuia kutu. Ndoo ining'inie kwenye ngazi kwa ndoano ya nondo nyembamba, ili mkono mmoja ubaki umeshika ngazi.

Aanzie kwenye mdomo wa bomba la kushushia maji. Azibe mdomo huo kwa kitambaa kikubwa, ncha ikining'inia nje, kisha azoe akielekea mbali nao. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo sababu gata linasafishwa asubuhi na bomba linaziba jioni: majani yaliyosukumwa yameingia humo. Kitovu cha mtu kisivuke mti wa pembeni wa ngazi. Pasipofikika, ashuke na kuisogeza. Mnaweza kushuka na kupanda mara nane kwa upande mmoja wa nyumba, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwisho aondoe kitambaa, kisha asuuze kwa mpira wa maji kuanzia upande ulio mbali na bomba.

Ratiba ya pwani ni mara mbili: mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Kwa ajili ya mwembe ongezeni ya tatu, unapomaliza kuchanua, kwa sababu maua yake hugeuka uji unaonata kwenye maungio. Na matawi yaliyo juu ya bati yapogolewe, yabaki walau mita 2 kutoka ukingoni. Mkilifanya hilo, kazi ya ngazi itapungua kuliko kwa kifaa chochote mtakachonunua.

Tumesafisha magata yote, yanang'aa. Mvua ikinyesha bado maji yanamwagika mbele ya mlango. Tuna migrevilea pande zote.
*Mama Neema, Moshi*

Mama, pole. Kuna mambo matatu, na tungekushauri uyapime kwa mpangilio huu.

La kwanza ni bomba la kushushia. Majani ya mgrevilea yamechanika kama manyoya, yanashikana, na hujikusanya kwenye elbo (kiungo cha kona) ya kwanza chini ya gata, mahali ambapo jicho halifiki. Mimina ndoo ya lita 10 kwenye mdomo wa bomba. Maji yasiposhuka papo hapo, gonga bomba kwa kiganja kuanzia chini kwenda juu: palipo wazi panalia kama ngoma, palipoziba sauti inakufa. Tahadhari moja kabla ya kulifungua. Bomba la milimita 75 lenye urefu wa mita 3, likiwa limejaa, limebeba maji na matope ya lita 13 hivi, na ukichomoa elbo ya chini yote yanakuja kwa mpigo. Simama kando, si mbele yake. Zibua kwa kuingiza mpira wa maji kutoka chini kwenda juu. Nondo isitumike, inatoboa elbo.

La pili ni mteremko. Gata linahitaji kushuka sentimita 1 kwa kila mita 2 hivi kuelekea kwenye bomba. Huhitaji hata pima maji kuligundua hili: saa moja baada ya mvua, chungulia ndani. Mahali penye dimbwi ndipo breketi ililegea. Breketi zikae sentimita 60 hadi 90 kutoka moja hadi nyingine. Zikiwa mbali zaidi, gata linabonyea katikati hata kama fundi alilifunga vizuri. Gata la nusu duara lenye upana wa milimita 112, likijaa, linabeba karibu kilo 5 za maji kwa kila mita, na matope ni mazito kuliko maji.

La tatu ni ukubwa. Kipimo ambacho wavunaji wa maji ya mvua hukitumia ni sentimita 1 ya mraba ya gata kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Gata hilo la milimita 112 lina sentimita 49 za mraba, basi linatosha paa la mita 49 za mraba. Ikiwa upande huo wa mlango ni mkubwa zaidi, huna uchafu tena wa kuondoa. Unahitaji bomba la pili la kushushia upande wa pili wa gata. Angalia pia ncha ya bati: iingie ndani ya gata kwa theluthi moja ya upana wake. Ikizidi hapo, mvua kubwa inaruka gata zima na kumwagikia mlangoni.

Naishi peke yangu, umri umekwenda, siwezi kupanda. Je, nikifunga wavu juu ya magata sitahitaji tena kusafisha?
*Bibi wa Pongwe, Tanga*

Shikamoo bibi. Wavu unapunguza kazi, hauimalizi. Wavu wa matundu ya milimita 6 unazuia majani mapana ya mwembe na mkungu, lakini yanalala juu yake na kutengeneza mkeka ambao maji ya mvua yanaupita juu kwa juu. Na kama mti wako ni mvinje, usinunue kabisa: vijiti vyake vyembamba vinapenya, vinajaa chini ya wavu, na sasa anayesafisha ana kazi ya kufungua wavu kwanza.

Kilicho cha maana zaidi kwako ni kufanya kazi ukiwa chini. Mwombe kijana akufungie bomba jepesi la PVC la nusu inchi, urefu wa mita 2, na juu yake elbo mbili zinazoligeuza kama mpini wa mwavuli, kisha aunganishe mpira wa maji chini. Ukifungua koki, maji yanaingia kwenye gata na kusukuma majani kuelekea kwenye bomba la kushushia, ambalo liwe limechomolewa kutoka kwenye tangi, kama unalo. Vaa miwani, maana maji machafu yanarudi usoni. Kifaa hiki kinafaa kwa majani mapya, ya wiki chache. Matope yaliyogandamana na kuota majani ya kijani hayasogei kwa maji, hayo mwachie mtu mwenye ngazi.

Maji ya paa ndiyo tunayokunywa. Baada ya kusafisha magata, tangi lilijaa maji ya rangi ya chai. Pia tunasumbuliwa na mbu wa mchana.
*Msomaji, Wete, Pemba*

Rangi hiyo ni ya majani yaliyolowa muda mrefu, na ndani yake mna kinyesi cha ndege na popo. Kila mnaposafisha, chomoeni kwanza bomba linaloingia tangini, na lisirudishwe mpaka maji ya kusuuza yatoke meupe. Mvua ya kwanza baada ya ukame nayo iachwe imwagike. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba litupe lita 50 hadi 100 za mwanzo, yaani pipa la lita 200 likifika nusu, ndipo mgeuze bomba liingie tangini. Maji hayo yanafaa bustani. Yaliyomo tangini sasa yamwageni, msugue kuta za ndani kwa brashi, na ya kunywa mwendelee kuyachemsha.

Mbu wenu wa mchana huenda ni Aedes, anayeeneza homa ya dengue, ile iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Anahitaji maji kidogo tu yaliyotuama, na kwenye joto la pwani, yai hadi mbu kamili ni kama siku 7 hadi 10. Mayai yake huyabandika ukingoni, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanastahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi: ndani ya gata pasuguliwe kwa brashi ngumu, kisha dimbwi linalobaki liondolewe kwa kurekebisha breketi. Mkifunika mdomo wa tangi kwa wavu laini wa mbu, mtakuwa mmeziba njia nyingine.

Paa letu ni la zamani, la asbesto. Fundi anataka kutembea juu yake ili asafishe magata haraka.
*Mpangaji, Mombasa*

Mkatalie. Karatasi za asbesto huzeeka na kuwa kama biskuti, na mtu huzitumbukia bila dalili yoyote ya awali, hata akikanyaga kwenye mstari wa misumari. Pia zisisuguliwe wala kufagiliwa zikiwa kavu, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa na pumzi hukaa mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Afanye kazi akiwa kwenye ngazi ya kujisimamia, alowanishe uchafu wa ndani ya gata kwanza, auzoe ukiwa na maji, aufunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Usitumike kama mboji shambani. Mwenye nyumba naye aelezwe, kwa sababu kubadilisha paa hilo ni jukumu lake, na linahitaji watu wenye kibali cha kushughulikia asbesto.