Chubwi haitulii mchangani

SWALI: Ninavua kwa fimbo ufukweni msimu huu wa majani kupukutika. Mawimbi yanairudisha chubwi, kile kizito cha kuzamishia ndoana, nchi kavu na mshipi unajisokota. Nifanyeje?

JIBU: Chubwi ya mviringo hubiringika tu. Funga yenye umbo la piramidi, gramu 110 hadi 140, ikiwa fimbo yako inahimili. Kingo zake huchimba mchanga. Uzi wa ndoana usizidi sentimita 45, maana mrefu huuzonga mshipi. Na tafadhali, usikimbilie kurusha mbali! Maji yakipoa, vidagaa husogea kandokando ya pwani, samaki wakubwa wakiwafuata hadi kwenye bonde kati ya fungu la mchanga na ufuko, pale mawimbi yanapoacha kuvunjika. Tupia hapo maji yakijaa. Chambo laini kizungushie uzi mwembamba wa mpira, la sivyo kitachomoka kikiwa hewani.