Zege, ugali na hesabu ya kalori: barua kwa mwanangu

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama simu inakuhesabia kalori 1,200 kwa siku na hujazivuka, kuna ubaya gani ukila zege, yaani chipsi mayai, mchana na chai ya rangi usiku. Tena unashangaa kilo tatu zilitoka wiki ya kwanza, kisha mzani ukagoma.

Nianze na mzani, maana jibu lake ni fupi. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji. Ukijinyima ghafla akiba inatumika, maji yanatoka. Sehemu kubwa ya zile kilo tatu ni hayo. Mafuta yenyewe hayana haraka: ukila pungufu kwa kalori 500 kila siku, tegemea kama nusu kilo kwa wiki, pengine chini ya hapo.

Sasa zege. Simu yako haisemi uongo: anayekula pungufu ya anachotumia atapungua, hata kwa chipsi. Ila haikwambii kinachopungua ni nini. Sahani ya chipsi na mayai mawili, kwa jinsi wale vijana wanavyomimina mafuta, inafika 800 bila taabu. Umebakiwa na 400, na chai ya rangi haina protini, haina madini ya chuma, haina nyuzinyuzi za kukusaidia kupata choo. Mwili uliokosa protini ya kutosha hula misuli yake. Misuli ikipungua, hata nguvu unayotumia ukiwa umekaa tu hupungua, ndiyo maana wengi wakirudia chakula chao cha zamani hunenepa upesi.

Halafu eti unataka kuacha ugali. Ugali umekukosea nini? Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, yawe ya alizeti au ya mawese. Vitatu, ambavyo mkono wako humwaga kwenye mchicha bila kuangalia, ni sawa na gramu 100 za unga, na unga huo ukisongwa unashiba. Mafuta hayo yamepita tu. Soda ya nusu lita nayo ni kalori 200 na ushee, zote za sukari, na njaa yako iko palepale. Kwa hiyo pima mafuta kwa kijiko, soda iache, ugali uwe wa dona na uchukue robo ya sahani. Nusu iwe mboga, robo iliyobaki maharage, samaki au dagaa. (Nazi sikukatazi, mimi mtu wa Tanga nitaanzia wapi? Lakini tui la kwanza liwe la Ijumaa.)

Dagaa uwale na vichwa na mifupa, madini ya chokaa (kalsiamu) yamo humo. Maharage na mchicha kamulia ndimu, mwili upate kuchukua ile chuma. Chai ngoja kama saa nzima baada ya kula, kwa sababu inaizuia.

Kuhusu hizo 1,200: kwa mtu anayesimama dukani kutwa ni kidogo mno. Nilipokuwa kliniki nimewaona wasichana waliojinyima hivyo, nywele zinakatika, wanaona kizunguzungu, hedhi imepotea. Ongeza mpaka 1,600 hivi, na jioni shuka daladala kituo kimoja kabla utembee kwa kasi.

Nami nakuuliza: siku zako zinakuja kama kawaida? Nijibu hilo kabla ya lolote, na wiki hii upite zahanati wakupime wingi wa damu. Jumamosi nitakutumia dagaa wakavu kwa basi, kondakta atakupigia.

Mama yako