Fensi ipi unajenga bila kibali na ipi lazima upite ofisini kwanza

Mtu akitaka kujenga fensi swali la kwanza utasikia ni mbao au matofali, nguzo za chuma au za zege, na mi huwa nasema hilo liache kwanza maana watu wa mipango miji mara nyingi hawaanzi hapo. Wao wanaangalia urefu, alafu wanaangalia barabara iko wapi. Nimeshasimamia fensi yangu na za ndugu kadhaa na kila nilipoona mtu kaletewa barua ya kupunguza ukuta shida ilikuwa barabara, urefu wenyewe alikuwa anaujua vizuri tu.

Chukua Uingereza, yani England yenyewe, ambako sheria imeandikwa kwa namba kabisa. Fensi, ukuta au geti lisilozidi mita 2 hauombi kibali, ila ikiwa kando ya barabara inayopita magari mwisho ni mita 1, yani kiunoni hapo. Uskoti nao ni mita 2, lakini sehemu yoyote ya fensi iliyo ndani ya mita 20 kutoka barabarani isizidi mita 1. Ireland mita 2 pia, ila fensi ya bustani ya mbele ya nyumba ni mita 1.2. Namba za kwenu zinaweza kuwa tofauti, na kuna sehemu kila ukuta unaombewa kibali hata uwe mfupi, kwahiyo usichukue za nchi nyingine ukaenda nazo kwa fundi. Ila wazo utalikuta karibu kila mahali, nyuma ya nyumba unaachiwa nafasi, mbele unabanwa.

Na wanabana kwa sababu ya maana sana. Ukitoa gari getini unatanguliza boneti, macho yako yako huko nyuma kwenye kiti, sasa kama kuna ukuta mrefu kulia na kushoto gari linakuwa limeshaziba njia ya waenda kwa miguu kabla hujaona kitu, na mtoto mwenye baiskeli anayekuja kwa kasi akikata kona yeye naye hajakuona. Kaa kwenye gari lako sehemu geti litakapokuwa, mwambie mtu asimame ameshika ubao wa urefu unaoutaka pale fensi itakapopita, utaelewa mwenyewe bila kusomewa sheria. Mi nikishafanya hivyo na mtu huwa tunakubaliana kushusha hata pale ambapo sheria ingemruhusu kwenda juu zaidi.

Wenye viwanja vya kona naomba msome hapa mara mbili. Wewe upande wa ubavuni unauhesabu kama uani kwako, unataka mita 2 watu wasikuchungulie, lakini kama kuna barabara inapita hapo basi kwa sheria kama ya Uingereza upande huo nao uko kando ya barabara na kikomo ni kile cha mita 1. Watu wengine wanarudisha fensi ndani kidogo, wanapanda maua katikati, wanasema sasa haiko kando ya barabara tena. Inaweza kukubalika, inaweza isikubalike, maana sheria ya Uingereza haijataja umbali wowote kwenye hilo neno kando, inabaki afisa aangalie mwenyewe kama hiyo fensi bado inaonekana ndio mpaka kati ya kiwanja na barabara. Kwahiyo ukitaka kwenda kwa njia hiyo uliza kabla, na uliza kwa maandishi, jibu la kwenye simu halitakusaidia siku afisa akibadilishwa.

Kupima urefu nako kuna mambo. Kwenye kiwanja cha tambarare futi kamba inatosha, unaanzia chini kwenye udongo unaenda mpaka juu kabisa, na juu kabisa ni pamoja na kile kiwavu cha mbao cha kupandishia maua ambacho watu wanakiongeza baadae wakidhani hakihesabiki, kinahesabika. Kwenye mteremko ndio ugomvi unapoanzia, fundi anasimama upande wa chini anasoma 2.4, we umesimama upande wa juu unasoma 2, na jirani bila shaka atapima kwa kwake. Kule Uingereza wanahesabu kuanzia sehemu ya juu zaidi ya ardhi iliyopakana na fensi, kwengine wana utaratibu wao, sasa ulizia kabisa inapimwa upande gani kabla nguzo hazijamwagiwa zege. Na usijaze kifusi ili upate pa kuanzia kipimo, ardhi wanayoiangalia ni ile ya asili na kifusi kipya hakifichiki.

Kama kuna fensi ya zamani na unaibadilisha tu, unaweza kuwa salama ukibaki kwenye urefu uleule, ila uliza kwanza. Na piga picha kabla hujang'oa, mtu asimame pembeni na futi kamba imenyooshwa namba zinasomeka, maana ikishabomolewa huna kitu cha kuonyesha.

Alafu kuna sehemu ambazo hizo mita zote hazifanyi kazi. Nyumba iliyowekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, au fensi inayopakana na kiwanja cha nyumba ya namna hiyo, hapo nenda ofisini hata kama unataka kafensi kafupi. Pia nyumba za mradi, zile zilizojengwa kwa pamoja, kibali cha mradi wenyewe kinaweza kuwa na sharti kwamba mbele pabaki wazi. Sharti hilo linakufunga hata wewe uliyenunua miaka mingi baadae kwa mtu wa tatu huko, kwahiyo omba nakala ya kibali cha mwanzo uisome mpaka ukurasa wa mwisho.

Na jamani, kutohitaji kibali hakumaanishi ardhi ni yako. Halmashauri haijui mpaka wako na jirani uko wapi na sio kazi yake kukuamulia, fensi inaweza kuwa halali kabisa kwa urefu na bado imekaa sentimita 30 ndani ya kiwanja cha mwenzio. Tafuta bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja zilizozikwa ardhini, kama hazionekani mlete mpimaji, na siku anapima muite jirani asimame hapo aone kamba ikivutwa, hilo limeokoa ujirani mwingi kuliko barua za wanasheria. Soma na hati pia, zingine zina masharti ya fensi ambayo hayana uhusiano wowote na mipango miji, unaweza kuwa huru huku ukawa umefungwa kule.

Ukishajiridhisha kwamba yako haihitaji kibali, bado mi nashauri upate karatasi. Uingereza unaweza kuomba cheti rasmi cha halmashauri kinachosema ujenzi huu ni halali bila kibali, unalipia lakini siku ya kuuza nyumba mwanasheria wa mnunuzi anakikuta tayari. Na usitegemee kwamba ukinyamaza muda utakuokoa, kule zamani ilikuwa ukipita miaka 4 hawakugusi, tangu tarehe 25 Aprili 2024 imekuwa miaka 10 kwa ujenzi uliomalizika kuanzia siku hiyo. Kama kwenu hakuna cheti cha hivyo andika barua yenye mchoro mdogo, weka urefu, umbali kutoka barabarani na upande uliopimia, omba wakujibu, na jibu lao lihifadhi pamoja na hati.