Weka shoka chini kwanza: kwa wageni wa Gielinor

Wadogo zangu mnaoanza Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni ambayo dunia yake inaitwa Gielinor, nawapenda, lakini uvumilivu umeanza kuniishia. Kundi letu limepokea wageni tena, na wamefanya yale yale ya waliowatangulia: wametoka Tutorial Island, kisiwa cha mafunzo, wakashika shoka, wakaganda kijiji cha Draynor kukata miti ya willow mpaka bando likakata. Ukimwuliza mmoja anatafuta nini, anasema pesa ya full rune, yaani deraya kamili ya madini ya rune. Ukimwuliza ana quest points ngapi, yaani pointi za kumaliza quest (visa vyenye kazi za kutimiza), anakuuliza ndiyo kitu gani.

Nayaweka hapa yote ili nisiyarudie kwenye chat kila jioni.

1. Quest kwanza, miti baadaye. Toleo hili lilirudishwa mwaka 2013 kutoka kwenye nakala ya Agosti 2007, zama ambazo gemu haikuwa na haja ya kumwongoza mchezaji hatua kwa hatua. Unaachwa mji wa Lumbridge, na dunia nzima iko wazi. Kwa hiyo mgeni anashika kazi ya kwanza anayoiona, na hiyo kazi inamla.

Hesabu zenyewe hizi hapa. Levo 99 ya skili yoyote inadai XP (pointi za uzoefu) 13,034,431. Ukifika levo 60 unadhani umevuka nusu ya njia, kumbe una XP 273,742, yaani asilimia mbili tu. Nusu yenyewe iko levo 92. Anayekimbilia 99 akiwa na wiki moja kwenye gemu anajichosha bure, na wengi wao hatuwaoni tena.

Sasa tazama quest zinavyofanya kazi. Nunua Grand Exchange, soko kuu la wachezaji, udongo wa clay 6, copper ore 4 na iron ore 2, mpelekee mbilikimo Doric kaskazini mwa mji wa Falador. Papo hapo Mining (uchimbaji) yako inatoka levo 1 hadi 10. Na hiyo 10 ndiyo inayotakiwa kwenye quest ya The Knight's Sword, maana bila hiyo huwezi kuchimba blurite, madini ya kutengenezea upanga wake. Squire mmoja wa Falador, yaani msaidizi wa shujaa, amepoteza upanga wa bwana wake. Anakutuma kwa Reldo, mtunza maktaba wa jumba la mfalme Varrock, na Reldo anakutajia mbilikimo anayeitwa Thurgo, kusini mwa Port Sarim. Ukifika mikono mitupu, Thurgo hana habari na wewe. Ukifika na redberry pie, pai ya matunda, anaipokea, anaimaliza yote, na kuanzia hapo wewe ni rafiki yake. Ukikamilisha unapata XP 12,725 za Smithing (uhunzi): kutoka levo 1 mpaka 29 bila kupiga nyundo. Nendeni mkasome anachosema Thurgo, msibonyeze tu kuruka maneno. Kila kitu cha quest kiko ndani ya hayo maneno, na ndiyo raha yenyewe ya gemu hii.

Ukinunua umemba, yaani uanachama wa kulipia, quest ya kukimbilia ni Waterfall. Inakupa XP 13,750 za Attack na nyingine kama hizo za Strength, kwa hiyo levo 1 inakuwa 30 kwenye zote mbili, na hulazimiki kuua chochote. Ila unapita mbele ya fire giants, majitu ya moto, basi beba chakula na ukimbie.

2. Akaunti mpya ya bure ina vizuizi kwenye biashara mpaka utimize saa 20 za kucheza, quest points 10 na jumla ya levo 100. Msiniulize tena kwa nini hamwezi kuuza magogo yenu.

3. Wilderness, eneo la kaskazini ambako wachezaji wanaruhusiwa kuuana. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna kijana kwenye kundi letu, mpole, mwenye bidii. Alichinja ng'ombe wa Lumbridge siku nyingi sana, akauza ngozi, mpaka akapata chainbody, platelegs, helmeti, ngao na scimitar, vyote vya rune. Siku alipovivaa alisimama katikati ya Grand Exchange ili tumwone, na sote tulimpongeza. Jioni hiyo hiyo mtu akamsalimia kwa Kiswahili. Mnajua tunavyofurahi kusikia Kiswahili kwenye world (seva ya gemu) iliyojaa watu wa lugha nyingine. Wakapiga soga. Mwenzake akamwambia ana vitu anaviuza rahisi kwa sababu anaacha gemu, ila Grand Exchange pana watu wengi, waende Edgeville, beba na pesa zako zote.

Edgeville wakavuka mtaro unaotenga mji na Wilderness. Gemu inakuonya pale, maandishi yanatokea, na kijana akabonyeza kuendelea kwa sababu rafiki yake alikuwa ametangulia. Wakapanda kaskazini. Alipotuandikia kwenye chat kuwa yuko Wilderness levo 22 (levo za huko hupanda kadiri unavyokwenda kaskazini), mimi na mwenzangu tulimjibu kwa pamoja arudi. Alikwisha chelewa. Ukivuka levo 20 spelli za teleport hazifanyi kazi, na mtu yeyote ambaye levo yake ya combat (mapigano) inapishana na yako kwa levo 22 au pungufu anaweza kukushambulia. Watatu walikuwa wanasubiri. Mmoja akamfunga miguu kwa Bind, wengine wakamaliza. Na yeye kwa uchungu akajibu mapigo kwa kumrukia yule "rafiki", ambaye alikuwa hajamgusa. Akapata fuvu kichwani, alama ya anayemshambulia mtu ambaye hajamgusa. Asiye na fuvu hubaki na vitu vyake vitatu vya thamani zaidi. Mwenye fuvu habaki na kitu. Akaamkia Lumbridge akiwa mtupu.

Hakurudi kwa muda mrefu. Tulimchangia chakula na silaha, lakini mtu halilii rune tu, analilia salamu aliyoipokea kwa moyo safi. Ndiyo maana nawaka mkisema "nitakuwa makini". Yule naye alikuwa makini. Kanuni ni hii: mtu yeyote, wa lugha yoyote, akikutaka ubebe mali utoke nje ya mji, mwambie biashara ifanyike palepale benki. Akikataa, ondoka. Ukilazimika kuingia Wilderness kwa shughuli yako, ingia na vitu ambavyo hutavililia. Na tunaocheza kwa simu tukumbuke kuwa mtandao ukikatika vitani, mhusika wako anabaki uwanjani akipigwa.

4. Ya haraka haraka. Washa authenticator, weka PIN ya benki. Hakuna mchezaji anayeweza kukuwekea nakshi kwenye deraya yako. Deraya za trimmed (zenye nakshi) hutoka kwenye zawadi za clue scroll, karatasi za mafumbo ya hazina. Anayesema ataongeza pesa yako mara mbili ni mwizi, hata akianza kwa kukurudishia kidogo. Dirisha la pili la trade lisome lote. Chagua world za Uingereza au Ujerumani kabla ya zile za Marekani au Australia. Zika mifupa ya unachoua, upate XP za Prayer.

5. Quest ya Dragon Slayer, ya kumwua joka Elvarg, ndiyo mtihani wenu wa kwanza wa kweli, na bila hiyo hamvai rune platebody, deraya nzito ya kifua. Inadai quest points 32, ndiyo maana nilianza na quest. Kwa Duke Horacio, ndani ya kasri la Lumbridge, mtapewa ngao ya kuzuia moto wa joka bure kabisa. Mkienda kwa Elvarg bila hiyo mnaungua. Bebeni samaki wa swordfish kadiri mkoba unavyobeba. Na mkishatua Crandor, kisiwa cha joka huyo, kabla ya kumgusa joka, shukeni pangoni mfungue ule ukuta wa siri unaotokea upande wa kisiwa cha Karamja. Ukifa, unarudi kwa miguu kupitia volkano, huanzi tena mambo ya meli na mbao za kuitengeneza. Anayekwama aniandikie kwenye chat ya kundi, nipo jioni nyingi.