Binti anataka uuguzi "kwa sababu ya ajira": tuanzie wapi?

Mama, umeuliza kama ajira ni sababu ya kutosha kwa binti aliyemaliza kidato cha nne hapo Moshi. Ni sababu halali, wala asione haya. Wengi huvutwa na hiyo, wengine na ndugu aliye wodini, na wapo wanaouchukua uuguzi kwa sababu udaktari umewakataa. Hao wa mwisho ndio huchoka mapema.

Angalia cheti kwanza. Stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka 3, inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla ya kulipa hata shilingi. Akihitimu, bado kuna mtihani wa usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Bila leseni haajiriki kama muuguzi.

Kinachowaangusha wengi si damu, ni hesabu. Mjaribu: daktari ameandika miligramu 500, kichupa kina gramu 1 iliyoyeyushwa kwenye mililita 10. Avute mililita ngapi? Ni 5. Akijibu 50, gramu zimemchanganya, na wodini kosa la namna hiyo huua.

Zamu za usiku nazo zipo, sikukuu haziheshimiwi. Achanjwe homa ya ini B kabla ya mafunzo wodini: dozi 3, ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 baada ya ya kwanza. Kwa hiyo asingoje barua ya chuo.